Nilisikia Mwano, Nikakanyaga Pedeli

(Ukurasa huu nimeutoa kwenye daftari langu la mwaka 1983, nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha mbugani, wilaya ya Kahama. Nimeunakili kama ulivyo. Nilichorekebisha ni nukta na mikato tu.)

Ijumaa, saa saba mchana. Manyunyu tangu alfajiri, mbuga yote imekuwa tope.

Daftari langu, utanivumilia mwandiko wa leo, naandikia gotini. Nimekaa juu ya debe nje ya mlango wangu mwenyewe kwa sababu ndani sitakiwi. Zaina, mke wangu, ameshikwa na uchungu tangu saa nne asubuhi. Yuko na Mama Shija, jirani yetu, mjane ambaye ndiye mkunga wa kijiji kizima. Nina muda kidogo kabla ya kuondoka, maana natakiwa kuondoka, na nisipoandika sasa najua sitaandika tena.

Jumanne nilikudanganya. Niliandika mstari mmoja tu: nimerudi salama kutoka Kahama, upepo ulikuwa mkali.

Upepo haukuwa mkali.

Nilikuwa nimekwenda kutafuta vitu vya uzazi. Sabuni, pamba, kitambaa cheupe, wembe mpya. Siku hizi hata wembe unaulizwa kwa kunong'ona, utadhani mtu anatafuta bunduki. Nilizunguka mtaa wa Nyasubi duka kwa duka, wauzaji wakinitazama kwa huruma, mpaka mama mmoja muuza mchele akafungua pindo la kanga yake akanitolea wembe mmoja, bado uko ndani ya karatasi yake. Nilitamani kumpigia magoti. Nikautia mfukoni mwa shati, na njia nzima nikawa naugusa kuhakikisha upo.

Kurudi kulikuwa raha, nakiri. Mimi ni mtu wa Lushoto, na kwetu baiskeli ni kitu cha kusukuma ukipanda na kuombea dua ukishuka. Nilijifunza kuendesha hapa hapa, nikiwa na miaka ishirini na sita, wazazi wa wanafunzi wangu wakishika mbavu kwa kicheko. Sasa sijui ninachokipenda kuliko mbuga hii nikiwa juu ya baiskeli. Ukishavuka mto, baiskeli begani na maji kiunoni, njia inafuata kingo za majaruba. Mpunga kulia, mpunga kushoto, maji yametulia hadi unaona mawingu ndani yake, na yangeyange wanaruka kidogo kukupisha halafu wanarudi walipokuwa. Madigadi niliyatoa mvua zilipoanza, maana udongo huu mweusi ukijaa mle gurudumu haliendi tena. Tairi la nyuma limechanika na jipya halipatikani, kwa hiyo nimelifunga kwa ukanda wa mpira, na fundo lake linagonga chini kila mzunguko. Nimeshalizoea, ndiyo saa yangu ya njiani.

Ubaya wa mbuga ni mmoja. Unaonekana. Kwetu mtu akitaka kujificha anapinda kona. Huku hakuna kona.

Nilikuwa nimebakiza kama saa moja kufika nyumbani niliposikia mwano.

Mwano ni yowe la kuibiwa ng'ombe. Anaanza mmoja, anapokea wa pili, anapokea wa tatu, mpaka unavuka mbuga nzima kwa sauti za watu. Tangu jeshi la jadi, ulinzi wa wanakijiji wenyewe dhidi ya wezi wa ng'ombe, lianze hapa kijijini, sheria yake anaijua hata mtoto wa darasa la kwanza: ukiusikia unaacha chochote ulichoshika, unaupokea kwa sauti yako, unakimbilia unakotoka. Jembe linabaki jarubani. Chungu kinaungua jikoni. Huulizi ng'ombe ni wa nani, na hakuna anayesamehewa, awe mwalimu, awe katekista.

Nilishusha mguu mmoja chini. Nikasikiliza. Ng'ambo ya majaruba niliona wanaume wawili wakitupa majembe na kukimbia, fimbo mkononi.

Halafu nikapanda, nikakanyaga pedeli kwa nguvu zangu zote kuelekea nyumbani.

Ningeweza kuandika kwamba nilimwaza Zaina na ule wembe. Ingependeza kusoma. Lakini niliwaza ngozi yangu. Miezi miwili iliyopita, katika kijiji kilicho mbali kidogo na hapa, mchuuzi wa sufuria alikutwa njiani wakati wa mwano. Mgeni, ana baiskeli, hajui Kisukuma. Alipigwa kwanza, akaulizwa baadaye, na aliletwa zahanati juu ya mkokoteni wa punda. Mimi pia ni mgeni, nina baiskeli, na Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu. Nilijiona nikikimbilia watu mia wenye marungu huku nikipiga kelele kwa lafudhi ya Kisambaa. Miguu ikaamua.

Nilipofika niliingiza baiskeli ndani, nikamwambia Zaina nina njaa. Jioni tukapata habari. Ng'ombe saba wamechukuliwa malishoni, wote wa Mama Shija. Alikuwa na hao saba tu.

Zaina alilia. Mimi nilitikisa kichwa kama watu wanavyotikisa kichwa.

Jumatano asubuhi akaja Masanja, katibu wa jeshi la jadi. Ni mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima. Herufi zote anazozijua nimemfundisha mimi.

"Mwangaluka, mwalimu. Jana ulisikia mwano?"

"Upepo ulikuwa mkali, Masanja. Sikusikia kitu."

Hakubisha. Aliinama kwenye baiskeli, akalishika lile fundo la tairi, akaliminya kwa vidole viwili kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Akasema wabeja, asante, akaenda zake. Siku ile nzima sikuweza kumeza kitu, na Zaina akadhani ni malaria.

Jana alirudi. Hakukubali kukaa. Alisema kwamba Jumanne jioni, kabla mvua ya usiku haijafuta, walifuata nyayo za ng'ombe wakakutana na alama ya tairi langu. Akanieleza safari yangu kana kwamba alikuwa amekaa kwenye karia.

"Mwanzo njia yako inayumba, mtu anajiendea zake. Kwenye jaruba la mwisho umeshusha mguu wa kushoto, una kiatu. Umesimama si kidogo, tairi limezama. Ukaondoka, na kuanzia pale njia imenyooka mpaka mlangoni kwako. Asiyesikia anasimama afanye nini, mwalimu?"

 Akasema Jumamosi saa tatu niwe kwenye ghala la pamba, mbele ya ntemi, mkuu wa jeshi, na kijiji kizima. Akaondoka bila kuniaga.

Asiyejibu mwano anatozwa faini. Asiyejibu halafu akadanganya, anatengwa. Nimekuona kutengwa kwa macho yangu. Mwaka jana alitengwa bwana mmoja wa mwisho wa kijiji. Hakuna aliyemsalimia. Hakuna aliyempa moto wala chumvi. Kisimani alichota watu wote wakishaondoka, na yeyote ambaye angemsaidia naye angetengwa. Baba yake alipofariki alichimba kaburi peke yake, siku mbili, sisi tukipita njiani tumeangalia pembeni. Ndiyo, na mimi nilipita. Mwishowe aling'oa milango ya nyumba yake akahama.

Sasa fikiri. Mto umejaa tangu ile mvua ya Jumanne usiku, na zahanati iko ng'ambo. Mimba yetu ya kwanza ilitoka tukiwa njiani kwenda kutafuta msaada, na tangu siku hiyo Zaina hajaitaja hata mara moja. Msaada uliobaki ni mikono ya Mama Shija, basi. Na mimi nimefanya kila niwezalo ili mikono hiyo ikatazwe kuingia kwangu.

Na bado sijafika kwenye ubaya wenyewe.

Niliwaona.

Pale niliposhusha mguu, pembeni ya njia kuna bwawa la matete, maji ya magotini, pana sana. Ng'ombe walikuwa wakipitishwa humo majini ili nyayo zipotee, watu watatu nyuma yao wakiwachapa. Kijiji kizima kinaamini kwamba walitokezea kaskazini mwa bwawa, wakashika njia ya machimbo ya Geita, kwa sababu kule, watu wanasema, nyama inaliwa bila kuulizwa ilikotoka. Vijana wawili wa Mama Shija wapo huko kaskazini, leo siku ya tatu. Lakini mimi nilikuwa juu ya kingo, na mbuga haifichi kitu. Niliwaona wakitoka majini upande wa mawio, wakaelekea mashariki. Niliona hata mmoja mweupe mwenye pembe iliyopinda chini.

Siku tatu nimekaa na habari hiyo mdomoni. Ningeitoa, ningekuwa nimekiri kwamba nilisimama, nikasikia, nikaona, nikakimbia. Kwa hiyo kila asubuhi nimeingia darasani, nimefundisha kugawanya, nimewachapa watoto waliochelewa. Sijui ni mtu wa aina gani anayeweza hivyo. Naandika hapa kwamba ni mimi.

Leo saa nne Zaina alishika ukuta kwa mikono miwili, akanitazama tu, nikajua. Nikaenda kwa Mama Shija. Ni hatua hamsini. Boma lake la minyaa liko wazi, miti ya mlangoni imelala chini, na samadi ndani inalowa mvua bila kwato hata moja kuikanyaga. Nilipita hapo nikitazama viatu vyangu. Yeye alikuwa kizingitini, anapanga ungoni michembe, vile viazi vya kukausha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Ameanza?"

Alikuwa ameshainuka. Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Angekuja, mtoto angezaliwa, na kesho ningejua la kusema ghalani. Sijui ni nini kilinishika. Nadhani ni vile alivyoinuka upesi, hata ungo hakuuweka vizuri. Nikamwambia yote pale pale, bila mpangilio: mwano, mguu, uongo wa upepo, bwawa, upande wa mawio, pembe iliyopinda.

 Alinitazama hadi nikaanza kurudia maneno niliyokwisha kuyasema.

"Yule mwenye pembe mbaya," akauliza, "alikuwa anachechemea?"

"Sikuona, mama."

"Ana mimba yule." Kisha akasema, taratibu, "Siku tatu. Wanangu wanalala porini, wewe unapiga kengele ya shule."

 Nilipiga magoti kwenye tope, nikaanza kumwomba, maneno ya hovyo, kwamba anichukie mimi lakini Zaina hajui chochote, Zaina hana kosa.

"Inuka, unachafua suruali," alisema. "Hukumu yako ni kesho. Leo sijakatazwa mlango wako."

Akanawa mikono hadi viwikoni, akachukua kanga mbili safi, akatangulia. Alitembea haraka kuliko mimi. Alipopita bomani hakugeuza shingo. Tulipofika mlangoni kwangu akasimama, akanyoosha kidole kwenye baiskeli.

"Jaza upepo. Ukamwambie Shija hayo uliyoniambia. Kwa mdomo wako, si kwa barua."

Shija ni mwanawe mkubwa. Habari zilizokuja jana zinasema yeye na mdogo wake wamefika kijiji cha tatu kutoka hapa, upande wa kaskazini. Kwa tope hili ni mwendo wa saa tatu nikiwa na bahati. Napita mbuga ile ile, mgeni, peke yangu, juu ya baiskeli, wakati ambapo kila kijiji kimetoa vijana wake na kila kijana ana rungu na hasira. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kabisa: mama, naogopa. Nina miaka ishirini na tisa na sikumbuki kama nimewahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu.

Nilidhani atanicheka. Alisema, "Najua. Ukiona watu usingoje wakufikie. Piga mwano wewe kwanza, uwaendee. Wakikusikia unapiga, watajua uko upande wao."

Akanionyesha, kwa sauti ndogo ili kijiji kisiinuke, kiganja kikigonga midomo. Akataka nijaribu. Nikajaribu. Ilitoka kama mbuzi anayekohoa. Akasema, "Tena." Nikajaribu tena, mara nne, nimesimama kwenye manyunyu mbele ya mlango wangu, huku mke wangu anaugulia ndani, na huyu mwanamke niliyemkosea ananifundisha namna ya kutopigwa. Mara ya nne akasema itatosha.

Ukuta wetu ni wa udongo na hautunzi siri. Nilipoingia kuchukua koti la mvua, Zaina alingoja uchungu mmoja upite, akaniuliza.

"Siku ile uliyoniambia una njaa. Ulikuwa umeshawaona?"

"Ndiyo."

Akageuza uso ukutani. Mkono wake ulikuwa umenishika, na sidhani alikuwa anataka kunishika, lakini uchungu mwingine ulikuwa unakuja na hakuwa na kitu kingine karibu. Nilikaa hivyo mpaka ukapita. Kisha akaniachia, na Mama Shija akaniambia nitoke.

Tangu hapo niko hapa kwenye debe. Mke wa Masanja amekuja, hakunisalimia, amefunga mfuko wa michembe kwenye karia kwa ajili ya wale vijana, na ameingia ndani kusaidia. Sijui kama kutonisalimia ndiyo mwanzo wa kutengwa au ni haraka yake tu. Nitaanza kuwaza hivi kila mtu atakapopita.

Nimehesabu njia kichwani mara kumi. Kingo za majaruba mpaka bwawani. Kutoka bwawani ni tambarare tupu, hakuna mti, hakuna nyumba, mtu ananiona kabla sijamwona. Huko ndiko kutaamuliwa mambo. Wakinikuta vijana wenye akili, nitafika saa kumi. Wakinikuta wengine, wembe nilioutafuta Nyasubi utakata kitovu cha mtoto asiye na baba, na sitaki kuliandika hilo lakini nimeshaliandika. Na nikifika, bado namkuta Shija, ambaye hajalala siku tatu, na itabidi nimwambie kwamba alikuwa anatafuta upande usio sahihi kwa sababu yangu. Shija ana mikono mikubwa.

Kesho saa tatu ghalani. Nitasema nilisikia. Nitasema niliogopa, na kwamba upepo niliutunga. Watafanya watakavyofanya. Nilichoomba kwa Mungu asubuhi ni kwamba wasinitenge. Sasa namwomba mengine, na moja ni kwamba yule ng'ombe mwenye mimba awe bado hajauzwa. Naona aibu kwamba hilo limenijia mwisho.

Mama Shija ametoka sasa hivi kumwaga maji. Anasema mtoto amekaa vizuri, njia imeanza kufunguka, atazaliwa kabla jua halijatua. Mimi nitakuwa bado mbugani.

Nimemuuliza kama niage.

Amesema, "Umeshaaga. Nenda."

Upepo umejaa. Mvua imepungua kidogo.  Zaina anaita ndani. Namsikia vizuri kabisa. Anamwita Mama Shija, si mimi.

Natoka.